Miche 64 iliyokufa: uifute au uihesabu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ukuaji wa miche ya mkoko, *Rhizophora mucronata*. Nilipanda miche 180 kwenye kanda tatu za ufuo: chini, ambako maji hufika kila siku; katikati; na juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kila ukanda una viwanja vidogo 6, kila kiwanja miche 10. Nimepima kimo kila mwezi kwa miezi 12. Waliobaki hai ni miche 26 chini, 49 katikati na 41 juu, nayo imerefuka kwa wastani wa sm 34, 29 na 18. Miche 7 imefupika badala ya kurefuka, na mmoja ulirefuka sm 27 kwa mwezi mmoja. Msimamizi wangu ameniambia nifute iliyokufa, kisha nifute kila namba iliyojitenga kwa kanuni ya boksi (inayotia alama kila namba iliyo mbali mno na nusu ya katikati ya data), halafu nifanye ANOVA, jaribio la kulinganisha wastani wa makundi. Moyo unakataa lakini sina hoja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Moyo wako umekataa kwa haki, na nimefurahi umeuliza kabla ya kufuta. Nimelipitia faili la data ulilonitumia mstari kwa mstari, na mengi nitakayosema yametoka humo humo.

Nianze na vifo, maana huko ndiko liliko jibu la utafiti wako. Ukifuata ulivyoambiwa, tasnifu itasema mkoko hukua vizuri zaidi ukanda wa chini: sm 34 dhidi ya 29 na 18. Msomaji atakayeamini hivyo atapeleka miche yake chini, na zaidi ya nusu itamfia, kama ilivyokufia wewe. Hapo data zako zitakuwa zimempotosha ilhali hakuna hata namba moja ya uongo ndani yake.

Tazama inavyotokea. Chukua miche kumi ambayo, ikiachwa yote iishi, itarefuka sm 8, 12, 15, 19, 22, 25, 28, 31, 35 na 40. Wastani wake ni 23.5. Sasa ipande hiyo hiyo mahali pagumu, ambapo mche dhaifu hauvumilii, na mitano ya mwanzo ife. Waliobaki ni 25, 28, 31, 35 na 40, wastani 31.8. Mahali pagumu pameonekana kukuza kwa zaidi ya sm 8 kuliko mahali penye neema, na hakuna mche hata mmoja ulioongezeka kimo kwa sababu ya kuwa pale. Wadhaifu wameondoka, basi.

Je, kwako ndivyo ilivyokuwa? Una njia ya kujua, kwa sababu ulipima kimo siku ya kupanda. Nimevitenganisha vimo hivyo. Ukanda wa chini, miche iliyokufa baadaye ilianza na wastani wa sm 17. Iliyopona ilianza na 23. Katikati, iliyokufa na iliyopona zilianza sawasawa. Maana yake kule chini kifo kilichagua, na kilichagua midogo. Kwa hiyo miche yako 26 ya chini si mfano wa miche 60 uliyopanda. Ni kundi lililochujwa. Ile 49 ya katikati nayo imechujwa, lakini kidogo, na kwa namna nyingine. Kuyalinganisha makundi haya mawili kwa ANOVA ni kulinganisha mahindi yaliyopepetwa na yasiyopepetwa, kisha kusema tofauti imeletwa na shamba.

Wanatakwimu wana lugha ya jambo hili tangu Donald Rubin alipoliandikia mwaka 1976. Namba inaweza kukosekana kwa bahati tu, kama daftari lililolowa maji. Inaweza kukosekana kwa sababu ya kitu ulichokwisha kukipima, kama kimo cha mwanzo. Au inaweza kukosekana kwa sababu ya kile kile ambacho ungekipima siku hiyo: mche umedumaa mwezi huu, na kwa kudumaa huko ukafa kabla hujarudi. Aina ya kwanza ukifuta unapoteza ukubwa wa sampuli tu. Ya pili inatibika kwa kuingiza ulichokipima kwenye modeli. Ya tatu ndiyo inayonyima watu usingizi, na kwenye mimea iko mara nyingi.

Ila kifo kina jambo la ziada. Daftari lililolowa linaficha namba ambayo ipo. Mche uliokufa mwezi wa saba hauna kimo cha mwezi wa kumi na mbili kilichofichwa mahali. Kimo hicho hakikuwahi kuwapo. Ndiyo maana sitaki ujaze nafasi hizo kwa makadirio. Programu itakujazia bila kusita, itakupa miche 60 kamili kila ukanda, na utakuwa umeandika ukuaji wa miche mizimu. Kuwa mwangalifu pia na modeli ya vipimo vya kujirudia inayochora mstari mmoja kwa kila mche toka mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Inatumia vipimo vya kabla ya kifo, na hilo ni jema, lakini kimyakimya inauendeleza mstari wa mche uliokufa kana kwamba bado uko hai.

Sifuri je? Kwenye safu yako ya mwezi wa 12 umeandika 0 kwa baadhi ya iliyokufa, kwingine umeacha nafasi tupu, kwingine umeweka X. Nimehesabu: sifuri zipo 11. Sifuri inaweza kuwa sahihi au kosa kubwa, kutegemea unauliza nini. Ukiuliza ukanda huu una mkoko hai kiasi gani mwaka mmoja baada ya kupanda, basi mche uliokufa una sifuri ya kweli kabisa, haina makadirio ndani yake. Ndilo swali la mtu anayepima hewa ya ukaa, kama wanavyofanya wenzetu wa mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, wanaotunza hekta 117: kinachohesabika ni kilichosimama kwenye eneo. Ukipiga hesabu hiyo kwa data zako, chini ni 34 × 26/60, yaani sm 14.7 za ukuaji hai kwa kila mche uliopandwa, katikati 23.7, juu 12.3. Umeona? Ukanda uliokuwa wa kwanza umeachwa mbali na wa katikati. Lakini ukiuliza mche hukua kwa kasi gani, sifuri ni uongo, kwa sababu mche ule haukukua kwa sm 0, ulikufa. Ukiziacha sifuri 11 humo na nafasi tupu kwingine, wastani wako hautajibu swali lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya modeli yoyote: ondoa alama hizo zote na uweke safu mpya ya hali ya mche kila mwezi, yenye maneno manne tu. *Hai. Amekufa, ameonekana. Hayupo. Hakupimwa.* Kwako miche 50 ilionekana imekufa, imesimama mikavu au imekatwa chini na kaa. Kumi na minne haikuonekana tena, na 12 kati ya hiyo ni ya ukanda wa chini. Huenda ilizolewa na maji, na hicho ni kifo. Huenda lebo ndiyo iliyozolewa na mche ukabaki, na hicho si kifo. Kuna mistari miwili kwenye faili lako ambapo mche "umekufa" mwezi wa nne na una kimo mwezi wa tano. Siyo muujiza, ni lebo. Daftari lako la shambani litakuwa na maelezo, lifungue.

Baada ya hapo, gawa swali lako mara mbili, kila nusu ijibiwe kivyake. Nusu ya kwanza: mche ulioingia mwezi huu ukiwa hai, una uwezekano gani wa kufika mwezi ujao? Nusu ya pili: ukifika, utakuwa umerefuka kiasi gani? Kila mche unapata mstari mmoja kwa kila mwezi ulioanza ukiwa hai. Mche uliokufa mwezi wa saba unakupa mistari saba ya uhai, na vipimo sita vya ukuaji ambavyo ungevitupa kama ungeufuta. Nusu ya kwanza ni modeli ya logistiki, ndiyo au hapana. Ya pili ni regresheni ya kawaida. Zote mbili ziwe na kimo cha mwanzo wa mwezi ndani yake, na ukanda, na kiwanja kama chanzo cha tofauti za nasibu. Njia hii ya kutenga uhai na ukuaji, vyote vikitegemea ukubwa wa mmea, ndiyo iliyomo ndani ya modeli za idadi ya mimea ambazo Easterling, Ellner na Dixon walizitoa mwaka 2000. Uzuri wake ni kwamba mwisho unaweza kuziunganisha tena: anza na miche 60 ya sm 20, ipitishe mwezi kwa mwezi kwenye kompyuta, uone inabaki mingapi na ya kimo gani kila ukanda. Hilo ndilo swali ambalo mtu wa kupanda mikoko anataka ajibiwe.

Ushauri mdogo hapo: usitumie mwezi mmoja mmoja kwenye ukuaji. Miche yako ya chini inarefuka chini ya sm 3 kwa mwezi, na mkono wa mtu aliyesimama topeni hadi magotini hukosea karibu sm 1. Tumia vipindi vya miezi mitatu. Uhai uache mwezi kwa mwezi.

Sasa, utauliza: je, hakuna namna ya kujua kama ukanda wa chini kweli unakuza zaidi, tukiweka kando uchujaji? Kuna njia moja nyepesi naipenda sana, na haijatoka kwenye ikolojia. David Lee, mchumi, aliitumia mwaka 2009 kwenye mishahara ya watu waliopata mafunzo, ambako wasio na kazi hawana mshahara wa kupima, shida ile ile ya kwako. Fikiri hivi: mche ulioweza kuishi chini, penye shida, bila shaka ungeishi pia katikati. Kwa hiyo ndani ya miche 49 hai ya katikati kuna wenzao wa ile 26 ya chini, ila hujui ni ipi. Basi chukua mipaka miwili. Kwanza tuseme ni ile 26 iliyokua polepole kuliko yote. Kisha tuseme ni ile 26 iliyokua haraka kuliko yote. Nimeipiga kwa data zako: polepole wastani sm 19, haraka wastani sm 39. Wastani wa ukanda wa chini, 34, umeangukia katikati ya mipaka hiyo. Kwa hiyo data zako haziruhusu kusema chini hukuza zaidi, wala kusema hukuza kidogo. Uchujaji peke yake unatosha kuizaa tofauti yote uliyoiona. Sentensi hiyo iandike kwenye tasnifu kama ilivyo, na mipaka yake. Ni matokeo halali, na yana thamani kuliko zile nyota tatu za ANOVA zinazotangaza kuwa tofauti si ya bahati.

Halafu tazama vifo vimekaa wapi. Kati ya vifo 34 vya ukanda wa chini, 18 vimetoka kwenye viwanja viwili tu, namba 3 na namba 5. Humo mmebaki miche miwili kati ya 20. Viwanja vingine vinne vina miche 24 hai kati ya 40, sawa na asilimia 60. Bado ni chini ya asilimia 82 ya katikati, lakini hadithi imebadilika. Miche kumi ya kiwanja kimoja haifi kila mmoja kwa ajali yake. Hufa pamoja, kwa kaa wale wale au kwa fungu lile lile la mchanga. Ukiihesabu kama ushahidi kumi unaojitegemea, unajidanganya kwa ukubwa wa sampuli. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliwakemea wenzake kwa kosa hili mwaka 1984 na bado linafanyika kila muhula. Ndiyo sababu nimesisitiza kiwanja kiwemo kwenye modeli zote mbili. Na usivifute hivyo viwanja viwili kwa kuwa "vimejitenga". Jua kwanza nini kiliviua.

Hapo tumefika kwenye namba zilizojitenga.

Anza na ule mche wa sm 27 kwa mwezi. Ni mche namba 14. Vimo vyake kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane ni 26, 28, 55, 31. Ulipanda ghafla, ukashuka ghafla. Nilipouona sikuuliza uko mbali na wastani kiasi gani. Nilitafuta mche uliofanya kinyume chake mwezi ule ule. Nikaupata: namba 41, kiwanja hicho hicho, vimo 48, 52, 29.5, 57. Badilisha namba za mwezi wa saba kati ya hiyo miwili: wa 14 unakuwa 26, 28, 29.5, 31, na wa 41 unakuwa 48, 52, 55, 57. Mistari miwili iliyonyooka. Kumi na nne na arobaini na moja, tarakimu zile zile zimegeuzwa. Aliyekuwa anasoma lebo ana haki ya kuchoka. Kanuni ya boksi ingekufutia miche miwili mizima iliyo hai, kwa kosa la sekunde mbili linalorekebishika.

Ile saba iliyofupika inahitaji macho zaidi. Mkoko una mambo mengi ya kuufanya uonekane umefupika. Naukumbuka mche mmoja kwenye hori la pwani ya kusini ya Kenya, enzi nilipokuwa msaidizi wa kubeba ubao wa kupimia, ambao kwenye karatasi ulikuwa umepungua sm 11 kwa miezi mitatu. Tuliukuta mzima, majani yanang'aa. Tukafukua kwa vidole shinani. Fundo, pale chipukizi linapotoka kwenye kichwa cha ile mbegu ndefu, lilikuwa limezama. Mvua zilikuwa zimeleta tope kutoka bara na usawa wa ardhi ulikuwa umepanda. Mche ulikuwa umerefuka. Ardhi ilikuwa imerefuka zaidi. Tangu siku hiyo sijapima mkoko kutoka usawa wa tope. Napima kutoka kwenye fundo, na fundo nalipaka rangi. Na tope lenyewe si jambo la kupuuza kama kelele: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizika mizizi ya mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa, ikafa kwa maeneo makubwa. Mche "uliofupika" unaweza kuwa ndio wa kwanza kukuambia kiwanja kinazikwa.

Njia nyingine ya kufupika ni ncha kuvunjika, kwa ubao unaoelea, mbuzi au kaa. Huko ni kufupika kwa kweli. Mche umepoteza kimo, na modeli inapaswa kujua. Kuutofautisha na kosa la kupima, hesabu makovu ya majani. Kila jozi ya majani ya mkoko ikidondoka huacha kovu linalozunguka shina, na makovu hayafutiki. Mche wenye makovu 9 mwezi wa sita hauwezi kuwa na 7 mwezi wa tisa mpaka ncha iwe imekatika. Ikiwa makovu yameongezeka na kimo kimepungua, mtuhumu rula au tope, usiutuhumu mche.

Kinachobaki ni makosa madogo ya mkono, na hayo yana kipimo chake. Una miche 116 hai. Bamvua ijayo, maji yakipwa, chukua 30 kati yake, uipime wewe, kisha mwenzako apime hiyo hiyo bila kuona namba zako. Utapata mkengeuko sanifu wa kosa lenu, yaani kipimo cha jinsi makosa yanavyotawanyika. Tuseme umetoka sm 0.8. Ukuaji ni kimo kimoja kutoa kingine, makosa mawili ndani yake, kwa hiyo kosa la ukuaji ni 0.8 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani sm 1.1. Mche ulioandikwa −1 hauna ajabu yoyote, uache. Ulioandikwa −6 umetokewa na kitu, kautazame.

Hivyo ndivyo inavyofanyika pia kwenye miti mikubwa. Katika kiwanja cha hekta 50 cha Barro Colorado, Panama, ambako kila mti hupimwa upya kila baada ya miaka mitano, walipima miti mara mbili ili wajue ukubwa wa kosa lao: mm 0.9036 jumlisha 0.006214 mara kipenyo. Mti wa mm 200 una kosa la mm 2.1 hivi. Wanaukataa mti uliopungua kwa zaidi ya mara nne ya kosa hilo, karibu mm 9, na uliokua kwa zaidi ya mm 75 kwa mwaka. Angalia ukarimu wa mipaka hiyo. Mti uliopungua mm 5 wanauacha ndani, ingawa hakuna anayeamini umekonda hivyo. Sababu ni kwamba makosa ya juu na ya chini huondoana. Ukiyafuta ya chini kwa kuwa yanaonekana, na kuyaacha ya juu kwa kuwa yamejificha ndani ya ukuaji wa kweli, wastani wako unapanda bila haki. Kwa hiyo usifute hasi zote eti mche haufupiki. Viwanja vya Ituri kule Kongo na Mpala hapa Laikipia vimo katika mtandao mmoja wa viwanja vya misitu na Barro Colorado, ukitaka mfano wa jirani.

Kanuni ya boksi mtakwimu John Tukey aliitoa kwa ajili ya kutazamia data kwa jicho, ionyeshe namba za kuchunguza. Hata data safi zenye umbo la kengele, itazitia alama namba 7 katika kila 1000. Ukuaji wa miche hauna umbo la kengele. Una mkia mrefu upande wa kulia. Logarithimu zake zikiwa na mkengeuko sanifu wa 0.6, kanuni hiyo inakata kati ya 4 na 5 katika kila 100, na yote ni miche inayokua haraka. Kwako ingekata mche namba 57, uliorefuka sm 63 kwa mwaka. Nimeufuatilia mwezi kwa mwezi: hakuna kuruka, hakuna kushuka, unapanda taratibu kila kipindi. Huo ni mche hodari tu. Msitu hutengenezwa na wachache wa aina hiyo, na ukiwafuta utakadiria msitu ambao haupo.

Kama bado kuna namba usizoweza kuzieleza baada ya uchunguzi wote, ziache ndani na uiambie modeli itarajie mikia minene: tumia mgawanyo wa t badala ya ule wa kengele. Namba ya ajabu itapungua uzito yenyewe. Usiongeze 1 au 10 kwa ukuaji hasi ili upate kupiga logarithimu. Jibu litategemea namba uliyoongeza. Piga logarithimu ya kimo, ambacho hakiwi hasi, kama alivyofanya mtaalamu wa mimea Blackman mwaka 1919 alipofananisha ukuaji wa mmea na riba juu ya riba.

Unapofanya usafi huu, ficha safu ya ukanda. Mwombe mwenzako abadilishe majina yawe P, Q, R na akufiche ufunguo mpaka umalize. Usiiguse safu ya namba asilia. Weka safu ya pili ya namba iliyorekebishwa na ya tatu ya sababu: "imebadilishana na 41", "fundo limezikwa", "ncha imekatika". Namba isiyo na sababu iliyoandikwa haibadilishwi.

Kuhusu msimamizi wako, nenda kwa adabu, na usiende na barua hii. Nenda na karatasi moja. Juu yake weka jedwali la uhai kwa kila ukanda, 43, 82 na 68 kwa mia, kisha matokeo ya ukuaji kwa njia tatu: alivyokuelekeza yeye, ya kutenga uhai na ukuaji, na ya mipaka ya Lee. Kanuni aliyokupa sote tulifundishwa hivyo, nami niliitumia miaka mingi. Akiuona ukanda wa chini unaongoza kwa njia ya kwanza na kupoteza uongozi huo kwa nyingine, ataona mwenyewe. ANOVA aliyoitaka iweke kwenye kiambatisho.

Ila kabla ya hapo rudi shambani. Bamvua ijayo anza na kiwanja namba 3 na namba 5. Chimba kwa vidole kwenye kila shina lililokauka, upime fundo liko sentimita ngapi chini ya tope, na ukague kama shina limekatwa na kaa au limeoza. Tafuta pia lebo za ile 12 isiyoonekana, mita chache upande wa nchi kavu, kwenye mstari wa takataka za maji. Nitumie picha za mashina na hizo sentimita, tuone vile viwanja viwili vimezikwa au vimeliwa.